Kioo cha Mama Jonah

Nakumbuka siku moja ya mvua, mwanangu, nikiwa kijana wa kutoka Ainabkoi, bisibisi mfukoni na maringo kichwani. Nilikuwa nimefanya kazi mwaka mmoja tu kwa duka la Mzee Barasa, fundi wa redio na televisheni hapa Eldoret, na tayari nilijiona nimemaliza ufundi. Wewe cheka tu. Hata siku zako zinakuja.

Siku hiyo Mzee alikuwa anaenda Turbo, akaniacha na kazi moja kwa hoteli ya mama mmoja karibu na mtaa wa West Indies. Mama Hoteli, ndivyo watu walimwita. Aliuza chai na mandazi, na pale kwa kona alikuwa na mashine ya gemu, zile kubwa za kusimama kama kabati, unatia shilingi unapigana na vyombo vya angani. Marehemu bwanake aliinunua kwa klabu iliyofungwa.

"Picha inaruka," Mama akaniambia. "Wewe itulize tu." Akachukua kikapu, akaenda soko.

Ningeyasikia maneno hayo vizuri, leo nisingekuwa na hadithi ya kukupa.

Sasa ngoja nikuambie jambo ambalo mimi sikulijua siku hiyo. Yule mama alikuwa na mtoto mmoja tu, Jonah, aliyesoma chuo, na Jonah ndiye alikuwa bingwa wa ile mashine. Ukishinda inakuruhusu kuandika herufi tatu za jina lako, zinakaa juu kabisa. Basi JON ilikaa pale juu mchana kutwa, mwezi baada ya mwezi, mpaka mwanga ukaunguza kioo kwa ndani. Stima ikipotea mashine ilisahau majina yote, lakini kile kivuli cha JON hakikutoka, hata ukiizima. Halafu likizo moja wakaja watu wa serikali na Landrover. Walimkuta Jonah akinywa chai pale hotelini, wakasema wanataka kumuuliza maswali kidogo, wakabeba na vitabu vyake na picha zake zote. Hakurudi. Hakuna mwili ulioletwa, hakuna kaburi. Kilichobaki cha yule kijana ni herufi tatu kwenye kioo.

Utaniuliza, mbona hukujua? Kwa sababu mji mzima ulinyamaza. Nyakati hizo chama kilikuwa kimoja na masikio yalikuwa mengi, mtu anapima maneno hata kwa jirani yake. Unajua kwetu mama huitwa kwa jina la mtoto. Yule alikuwa Mama Jonah tangu siku aliyojifungua. Baada ya ile Landrover watu waliliacha lile jina, mmoja mmoja, bila kuambiana, wakaanza kumwita Mama Hoteli. Mimi nilipofika mjini nilikuta jina ni hilo, nikalitumia kama wengine.

Nikafungua mashine. Ugonjwa wenyewe ulikuwa mdogo: waya mmoja nyuma ya kioo, lehemu yake ilikuwa imepasuka, sasa mashine ikipata joto waya unaachia na picha inaruka. Nikalehemu upya, picha ikatulia. Kazi ilikuwa imeisha hapo. Lakini nikaliona lile doa la herufi, nikajiambia, fundi gani anaacha kazi namna hii? Dukani tulikuwa na tyubu nyingine, yaani kile kioo chenyewe cha picha, ya saizi ile ile, safi, iliyotoka kwa mashine iliyokufa. Nikaenda nikaileta. Nikabadilisha vizuri sana, Mungu ananiona, hata leo nisingepata kosa kwa ile kazi. Ya zamani nikairudisha dukani, na vile Mzee alikuwa amenifundisha, nikakata shingo yake hewa iingie isilipuke, nikaivunja, nikaitupa kwa shimo la nyuma ili watoto wasiokote wakaumia.

Mama alipotoka soko nilikuwa nimesimama kando ya mashine, nangoja kusifiwa.

Alisimama mbele ya kioo. Akakipapasa kwa kiganja, vile unapapasa paji la mtoto kujua kama ana homa.

"Iko wapi ile ingine?"

"Ile ilikuwa imeungua, Mama. Nimekuwekea nzuri."

"Iko wapi?"

"Nimeivunja."

Hakulia. Aliketi kwa benchi ya wateja, kikapu bado mkononi, akasema, "Basi sasa amekufa."

Sikuelewa ni nani amekufa. Nilirudi dukani nikiwa nimelowa, na Mzee Barasa aliporudi nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Nilikutuma kutuliza picha," akasema. "Kufuta ulitumwa na nani?" Kisha akaenda akafunga mlango kwanza, ndipo akanihadithia habari ya Jonah kwa sauti ya chini. Alipomaliza akasema neno ambalo sijalisahau: "Siwezi kukulaumu peke yako. Siku walimchukua nilikuwa meza ya pili. Niliendelea kunywa chai. Na leo asubuhi ningekuambia, lakini niliogopa kutaja jina la mtoto niliyemwona akitambaa."

Tulienda shimoni na karai, tukaokota vipande katika mvua. Ule unga wa ndani ya kioo, ulioshika zile herufi, ulikuwa umeoshwa wote. Hakuna kipande kilichokuwa na herufi. Maji yakimwagika hayazoleki, mwanangu, lakini tulimpelekea hivyo hivyo, kwa sababu hatukuwa na kingine.

Mama alichimba mwenyewe nyuma ya jiko, akamimina vile vioo, akafukia. Mzee alivua kofia. Mimi sikujua la kufanya na mikono yangu. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, mimi wa miaka ishirini ningesema nini?

"Pole, Mama Jonah," nikasema.

Aliinua macho akaniangalia. "Sema tena," akaniambia.

Nikasema tena. Mzee Barasa naye akasema. Ndiyo mazishi pekee yule kijana alipata.

Basi nisikie, mwanangu. Usifute doa la mtu kabla hujamuuliza ni la nini. Kuuliza si ujinga, na kuna kitu wewe unaona kimeharibika kumbe mwenyewe ndicho anashikilia kisimponyoke. Na aliyefiwa usimfichie jina la mtu wake ukidhani unamhurumia. Mtajie. Hofu yetu ilimzika Jonah kabla yangu. Mimi nilikuja kumalizia tu.

Mungu akubariki, akupe mkono mwepesi na ulimi usioogopa. Uishi mpaka nywele zikuishie rangi. Na siku yako ikifika, akuachie mtu wa kulitaja jina lako kwa sauti.