Siku Niliyoinuka Kwenye Jani

Nakumbuka, mwanangu, siku alipobatizwa mpwa wangu wa kwanza kule Kiruruma, enzi za Mwingereza, na hadi leo nikiikumbuka natazama chini. Unajua kwamba hiyo ndiyo siku niliyomwona mama yenu mara ya kwanza. Usilojua ni hali aliyonikuta nayo.

Sisi tulikuwa wafugaji wa Kibingo. Dada yangu Leokadia alikuwa ameolewa na mkulima, na ndoa hiyo ilinung'unikiwa pande zote mbili. Wetu walisema amekwenda kuchakaa migombani. Wakwe zake walisema wameletewa mwanamke wa kudharau chakula. Ubatizo ule ndio ulitakiwa kutupatanisha. Baba alikuwa mgonjwa, akanituma mimi niiwakilishe nyumba. Nikaenda, fimbo mkononi, shingo juu.

Tulipotoka kanisani wakatandika majani ya migomba chini, wakamimina ndizi na maharage, mvuke unapaa. Kule wageni mnalizunguka jani moja, na mtu haondoki kabla ya wazee. Nikaketi. Nikayatazama yale maharage, nikawatazama wale wakulima, nikainuka.

"Mnisamehe wazee wangu," nikasema kwa sauti, "sisi tukishakunywa maziwa asubuhi, maharage hatuli."

Mwiko huo kwetu ulikuwepo kweli. Lakini asubuhi ile sikuwa nimeonja hata tone la maziwa. Nilikuwa nimetembea tangu alfajiri na tumbo tupu. Nilitaka tu waone kwamba mimi si mwenzao. Mzee mmoja akaacha kutafuna. Dada yangu akamkumbatia mtoto wake, akaingia ndani.

Basi njaa nayo haina adabu. Jua lilipoanza kushuka nikanyata hadi nyuma ya jiko, nikakuta chungu, nikainama kukikwangua kwa vidole. Nilipoinua macho, msichana amesimama ananitazama. Alikuwa Adventina, binamu yake shemeji, na chakula kile alikuwa amekipika yeye. Nilitamani ardhi ipasuke. Angepiga kelele tu, ningekuwa nimekwisha.

Hakupiga. Alichana kipande cha jani, akanipakulia, kisha akanipa mgongo ili wanaopita wasinione.

"Adventina! Unafanya nini huko?" mama yake akaita kutoka uani.

"Nafukuza kuku, mama!"

Na kuku mwenyewe akaendelea kula. Nilipomaliza, Adventina akaniambia bila hata kutabasamu, "Dada yako analia ndani, kaka. Nenda kawaambie wazee kwamba umesema uongo."

Nikamjibu kwamba nakwenda. Nikachukua fimbo yangu, nikapenya migombani, nikarudi zangu kwetu na tumbo limeshiba. Nakwambia hivyo kama ilivyokuwa, mwanangu, wala sina cha kujitetea.

Lakini yule msichana sikumsahau. Mwaka uliofuata nikatuma mshenga, naye akarudi na jibu: Adventina atakubali, ila kwanza nikaketi palepale, mbele ya wazee walewale, nile maharage na nieleze habari za chungu. Nikaenda. Nikala, nikasema yote. Wazee walicheka hadi wakafuta machozi, nami nikacheka, nikidhani mambo yamekwisha.

Ndipo nikamwona Leokadia mlangoni. Mkononi ameshika chakula chake kwenye kipande kidogo cha jani.

"Shikamooni nyote," akasema, kisha akanigeukia. "Ungeyasema siku ileile, ndugu yangu. Tangu ulipoondoka hapa wananitengea jani langu. Wanasema watu wa kwetu hawali nao. Mwaka mzima nimekula peke yangu."

Kicheko kikakatika. Mama mkwe wake akainuka, akamshika mkono, akamketisha kwenye jani letu kubwa. Leokadia alikula. Mimi hakunitazama, na sikuwa na haki ya kumlaumu.

Sasa wewe kesho unakwenda Chonyonyo, kwenye harusi ya watu usiowajua, na nimekuona unavyojipamba. Kaa utakapokalishwa. Onja utakachopewa, na kama huwezi, sema kwa upole, tena iwe kweli. Ukivutiwa na mtu huko, jua kwamba naye anakutazama, hasa pale unapodhani hakuna anayekuona. Na ukikosea usiondoke kabla ya kutengeneza, maana wewe utakwenda zako na nyuma yako atabaki mtu anayeibeba aibu yako kila anapoketi kula.

Haya, nenda mwanangu. Mungu akupe mwenzi wa kukusitiri mbele za watu na kukwambia ukweli mkiwa wawili. Akupe na nyumba ambayo ndani yake hakuna anayetengewa jani lake.