Siku Nne na Rehema, Kambini Mbweni

Niliondoka Mbagala Alhamisi, baada ya swala ya alfajiri, na sababu ilikuwa simu ya dada yangu. Yeye anaishi Dodoma, na alitaka binti yake mwenye usonji aje akae kwangu, aanze shule huku. Sikumkatalia, wala sikumkubalia. Mie fundi cherehani; usonji niliujua kwa jina tu. Mteja wangu mmoja aliponiambia kuna kambi Mbweni inatafuta watu wa kujitolea, nilifunga duka.

Kufika Boko, jua lilishapanda. Nilichukua bodaboda, tukakata barabara ya vumbi kati ya nyumba mpya ambazo hazijapigwa rangi, hadi Mbweni, kwenye uwanja wenye mahema. Wenye usonji na wasio nao walikuwa wakimenya viazi pamoja, na mwanzoni sikujua nani ni nani.

Mwenyeji wetu, Bi Mwanahawa, alinikabidhi binti yake Rehema, mwenye miaka ishirini na mitatu.

"Shikamoo, Bi Mwanahawa."

"Marahaba, mwanangu. Huyu haongei sana. Ila anasikia kuliko sie wote."

Siku hiyo tulichambua mchele. Rehema alitoa chuya mojamoja, na hakuna aliyemfikia.

Ijumaa mchana jenereta liliwashwa ghafla. Nilipogeuka, ungo ulikuwa chini na Rehema hayupo. Bahari haikuwa mbali.

"Rehema! Rehema!"

Bi Mwanahawa alinishika mkono. "Usipige kelele. Kelele ndiyo iliyomfukuza."

Alikwenda kuzima jenereta, mie nikazunguka kimyakimya. Nilimkuta nyuma ya tangi la maji, amejikunja, ameziba masikio. Nilitaka kumnyanyua. Nilijizuia, nikakaa chini hatua mbili kutoka kwake, hadi mguu ukafa ganzi. Baadaye alijisogeza, akachukua kiganja changu, akakiweka juu ya sikio lake.

Jioni nilimpigia dada.

"Mlete," nilimwambia.

"Umeshajua namna ya kukaa naye?"

"Bado. We mlete tu."

Jumapili adhuhuri, begi likiwa mgongoni, Rehema alikuja kusimama mbele yangu, akitazama viatu vyangu.

"Kesho unakuja?"

"Ndiyo" ilishafika mdomoni, ile tunayowapa watu ili tuondoke salama. Niliimeza.

"Hapana, Rehema. Kambi imeisha. Kesho nipo kazini Mbagala, sitakuja."

"Haya," akasema, akaenda zake kukunja mahema na wenzake.

Nilidhani nimemuumiza. Bi Mwanahawa alinisindikiza hadi kwenye bodaboda.

"Ahsante," alisema. "Wengine humwambia ndiyo. Basi kesho yake Rehema hushinda mlangoni tangu asubuhi akiwangoja, hataki hata kula."

Njia nzima, Boko hadi Mbagala, niliwakumbuka mmojammoja watu niliowahi kuwapa "ndiyo" ya namna ile, nikadhani nimewatendea upole.