Mifupa Mitatu, Nafasi Mbili

Mama Pingili hakuzaliwa na hasira. Alizipata kazini, na mimi ninayekaa meza ya pili nimeziona zikikua. Kazi yetu ni kusoma ripoti ya daktari mpasuaji wa mgongo na kuigeuza iwe namba ambazo bima inazilipa. Daktari anakaza skrubu zake, ananawa mikono, anakwenda nyumbani. Sisi tunabaki kuvutana na watu wa bima, ambao kwao namba ikikosewa mgonjwa hayupo.

Jina lile tulimpa kwa sababu ya somo alilompa kila mgeni wa chumba chetu. Daktari akiunganisha pingili tatu za mgongo, bima hailipii mifupa, inalipia nafasi zilizo katikati, nazo ni mbili. Mama Pingili alikunyooshea vidole vitatu mbele ya pua. "Haya, nionyeshe nafasi ziko wapi." Ukisema tatu, ulitamani ardhi ipasuke ikumeze.

Siku moja dai la mgonjwa mmoja, mama fundi cherehani, likarudi. Bima ilikuwa imelikataa lote, kwamba hospitali imetia chumvi ili ilipwe zaidi. Tulikuwa tumedai nafasi tatu kwa pingili tatu. Daktari alikuwa ameshamruhusu yule fundi, lakini getini hapiti mtu ambaye bili yake haijalipwa, kwa hiyo alikuwa bado wodini.

Mama Pingili aliwaka. Alituuliza mmoja mmoja ni nani huyo asiyejua kuhesabu, akatusema mpaka na aliyekuwa likizo. Kisha akafungua kompyuta aone ni nani aliyeliandika lile dai.

"Ni mimi," alisema.

Hasira hazikumtoka, zilibadili njia tu. Aliandika barua ya masahihisho, akampelekea bosi wa mapato aisaini. Nilimfuata, maana niliona mambo yataharibika. Bosi hakuigusa hata karatasi.

"Tukikiri hili, bima watafukua madai yetu yote ya nyuma. Liache. Mgonjwa atalipa mwenyewe."

"Alipie kosa langu?"

"Mama, unataka kibarua chako kiote nyasi?"

Mtu yule anaongea kuhusu mgonjwa kama anaongea kuhusu kiti kilichovunjika. Nilitamani kumrukia, na mimi si mgomvi. Mama Pingili alirudi mezani, akaisaini barua mwenyewe, akaituma bima. Halafu akashuka wodini, nami nyuma yake.

Fundi alikuwa amekaa kitandani, amevaa nguo za kutokea, mkanda wa mgongo umembana, mkoba miguuni.

"Dada, usihangaike," alisema. "Mume wangu yuko na mteja wa cherehani sasa hivi. Akishauza, tutalipa."

"Mpigie asiuze."

"Kwa nini?"

"Bima wamekataa kwa sababu nilihesabu vibaya. Wewe hudaiwi kitu."

Fundi alimtazama, na nikaona shingo yake inavimba. "Nimelala hapa nikijiona mzigo kwa watu wangu. Kumbe ni wewe?"

"Ni mimi. Nitukane, lakini piga simu kwanza."

Alipiga. Mume alikuwa anahesabiwa pesa. Tulimsikia akimwambia mteja asimame hapo hapo, kisha zikaanza kelele za watu wawili wanaogombea mashine. Fundi alishika simu kwa mikono miwili mpaka mumewe aliposema, "Haiendi popote." Ndipo alipomtukana Mama Pingili, na hakubakiza neno. Mama Pingili alimsikiliza mpaka mwisho, akabeba mkoba.

Getini mlinzi aliuliza kibali cha kutoka kiko wapi.

"Hakipo. Andika kwamba nimemtoa mimi."

Mlinzi aliandika. Fundi alipita polepole, akachukua mkoba wake, akageuka.

"Sijakusamehe."

"Sawa," alijibu Mama Pingili. "Nenda nyumbani."