Bafta ya Bawa la Abti Dahir

Nikisikia harufu ya petroli imechanganyika na uunsi, ule udi wetu wa kufukizia nyumba, narudi moja kwa moja kwenye kiangazi kile nilipokuwa darasa la tano, pale uani kwetu Garissa. Petroli ilikuwa ya Abti Dahir, kaka yake mama. Uunsi ulikuwa wa Ayeeyo, bibi yetu, aliyeapa kwamba nyumba yake haitanuka gereji hata siku moja. Vita hivyo vya harufu vilipiganwa kutwa, nami sikukosa hata pambano moja, kwa sababu tangu utotoni sina tabia ya kutoka. Wenzangu walikwenda kuzurura sokoni. Mimi nilikuwa binti wa kuegemea ukuta wa jikoni, nikingoja kitu kiive. Abti alinipachika jina la Figa, jiwe la meko, akidai kwamba hata nyumba ikihamishwa nitabaki pale pale na majivu yangu.

Abti alikuwa fundi wa pikipiki, na alikuwa ameunda ndege. Si ya kuchezea: ya kukaliwa na mtu mmoja, yenye injini ya gari kuukuu, mwili wa mabomba ya chuma, magurudumu ya wilbaro, na mabawa ya mbao yaliyovikwa kitambaa. Siku ya kwanza alipoijaribu kwenye uwanda nje ya mji, upande wa barabara ya Wajir, gurudumu lilitumbukia katika shimo la ngiri kabla ndege haijaacha ardhi. Ikazunguka, ikakumbatia mgunga. Abti alitoka na mkwaruzo wa pua. Bawa la kushoto liligeuka kuni. Ilirudishwa nyumbani kwa mkokoteni, na katika msafara ule mwenye heshima alikuwa punda peke yake. Watoto wa mtaa wakamwita Rubani wa Shimo. Ayeeyo aliizunguka ndege, akaipima kwa macho, akasema, "Dahir, mvua ikinyesha na hiki kitu hakijaruka, nakiezeka kiwe banda. Mbuzi wangu wanalowa kila mwaka." Abti hakucheka, maana Ayeeyo alikuwa ameshaziagiza nguzo za banda.

Tatizo la kwanza lilikuwa mbavu za bawa. Kila mbao aliyoikunja Abti ilipasuka, na kila ilipopasuka Ayeeyo alifumba macho kama anayesikia mtoto akipigwa. Mwishowe uvumilivu ulimwisha. Kwetu, aqal, ile nyumba ya kuhamahama ya mizizi iliyokunjwa na kufunikwa mikeka, hujengwa na mwanamke, na huyo aliyeijenga ndiye mwenye nyumba. Mume hukaribishwa tu. Ayeeyo akaita wanawake wa rika lake, wakachimbua mizizi ya mgunga, wakailainisha kwa maji na moto, wakaikunja huku wakiimba na kumsengenya Abti mbele yake. Walipomaliza, bawa lile lingezuia fisi. Abti alijaribu kuliinua, mishipa ya shingo ikamtoka, akamlalamikia mama yake.

"Hooyo, ni zito."

"Kwani unataka nyumba ipeperuke?"

"Ndiyo, Hooyo. Hiyo ndiyo kazi yake."

Kwa uchungu wa watu wanaoharibu kazi nzuri, wanawake wakachukua visu na kuanza kuikondesha mizizi.

Kikabaki kitambaa. Abti alitaka kitu chepesi, kilichofumwa kwa kubana, akaenda dukani na kununua jora zima la bafta nyeupe. Bafta ni nguo ya sanda. Mwenye duka aliona jora zima linaondoka, akanong'ona, "Inna lillahi." Abti, ambaye kichwa kilikuwa kimejaa skrubu, akamjibu tu, "Amin," akashika njia.

Alasiri uani kwetu palijaa. Kina mama walileta sukari na majani ya chai. Wanaume waliingia wameinamisha vichwa. Kwa bafta ile, walihesabu kwamba gari letu limepinduka na ukoo mzima umekwisha. Mzee Gedi, rafiki wa marehemu babu, aliyekuwa amekuja kutoka Tarbaj kuuza ngamia, alisimama mbele ya Ayeeyo machozi yakimtiririka.

"Nani ametutoka?"

"Hakuna aliyekufa, Gedi."

"Subira, dada yangu. Mwanzoni mtu hukataa."

Hapo ndipo Abti alipotokea nyuma ya nyumba, amejitanda bafta mabegani. Mama mmoja alipiga ukemi nusura tupate maiti ya kweli.

Ilipojulikana, hakuna aliyejua la kufanya. Huwezi kuleta sukari kwenye matanga ukaondoka nayo. Basi chai ikapikwa, nami nikawa wa kwanza kufarijiwa. Mzee Gedi alipangusa uso, akasema, "Waryaa, wewe Dahir, leta sindano. Tulikuja kuzika, tutashona. Na ukianguka nayo, utakuwa umetupunguzia safari ya dukani."

Waombolezaji walilivika bawa, wakilivuta huku na huku, Abti akalipaka vanishi likakaza kama ngozi ya ngoma. Asubuhi mawingu yalikuwa mazito. Wote wakaja uwandani, wakaziba mashimo ya ngiri kwa mawe. Mimi nilipewa kazi ya kukalia mkia injini ikipata moto, kwa kuwa nilikuwa mzito na sikuwa mtu wa kwendakwenda. Abti akasimama kando ya bawa, akamgeukia mama yake.

"Hodi, Hooyo."

"Ingia. Lakini nyumba yangu uirudishe."

Nilipoambiwa niruke, niliruka vizuri kuliko ndege. Yenyewe ilikimbia, ikadunda, ikadunda tena, halafu haikudunda. Ikapita juu ya migunga, ngamia wa Mzee Gedi wakatawanyika, ikapinda kwa kuinamia kushoto, ikashuka ikirukaruka na kusimama. Ayeeyo hakumtazama Abti. Alilipapasa bawa kutoka mwanzo hadi ncha. "Halikufumuka," akasema. Mvua ilinyesha kabla ya magharibi.

Leo Abti ana duka la vipuri na kitambi ambacho hakuna bawa la kukibeba. Mimi bado niko kwenye ua ule ule. Ndege za abiria huzitazama zikipita nikianika nguo. Vijana wetu wana vidude vyao vya kurusha vyenye kamera, na kila nikiwasimulia habari hii hunicheka mimi shangazi yao, "Video iko wapi, eddo?" Kwao, kisichopigwa picha hakikutokea. Nawaambia hata kama tungekuwa na simu, asingepatikana wa kuishika. Uwanda mzima tulikuwa tumeinua mikono, tukimwomba Mungu amshushe.