Gari Lililooshwa Kila Alfajiri

Lilikuwa gari la Kiingereza, la mbio, jekundu, milango miwili, kongwe, na la chini mno hata wazee waliokaa barazani mtaani kwetu walikuwa wakinitazama utosini nikipita. "Inuka tukuone, bwana!" mmoja wao alinipigia kelele siku ya kwanza, na baraza zima likaangua kicheko. Nilicheka nao. Siku hiyo ningecheka na yeyote.

Nililinunua katikati ya miaka ya tisini kwa daktari mmoja wa meno wa Kizingo aliyekuwa akihama na jamaa zake. Nilikuwa karani bandarini, sina mke, sina haja ya gari, na kutoka nyumbani kwetu Mji wa Kale hadi kazini nilikuwa nikienda kwa miguu siku zote. Lakini gari lile nilikuwa nikiliona likipita tangu ningali navaa kaptura za shule, na niliposikia linauzwa, akili yangu yote iliyeyuka.

Si yote. Iliyobaki niliitumia vizuri, au ndivyo nilivyodhani. Nilijua kwamba gari la umri ule ukilingoja liharibike ndipo ulitengeneze, basi umekwisha. Kwa hiyo kabla sijalitembeza popote nililipeleka kwa fundi mmoja upande wa Buxton, mtu wa bara, mkali, asiyependa maneno. Akamwaga oili yote akatia mpya. Akabadilisha plagi, mkanda wa injini, mipira ya maji, mafuta ya breki na paipu zake. Hapakuwa na kitu kibovu hata kimoja katika hivyo. Nilimweleza jirani yangu hivyo kwa fahari, naye akaniuliza kama nyumbani pia huwa natupa wali kabla haujachacha.

Hapo sina budi nimtaje mama, maana habari hii ni yake kuliko yangu.

Baba alifariki mwaka uliotangulia. Mama akakaa eda, eda ikaisha, dada zake wakaja wakamtoa, wakamvika nguo mpya, wakamfukiza udi, wakala, wakaenda zao. Walipotoka tu, mama alirudi kitandani. Hakuwa mgonjwa. Daktari alimpima asione kitu. Alisali vipindi vyake, akala matonge mawili matatu ya kuniridhisha, kisha akageukia ukutani. Miezi ikaenda hivyo. Nyumba ilikuwa ya watu wawili, yeye na mimi, na mimi sikujua la kufanya. Nilikuwa nikirudi kazini naketi mlangoni pa chumba chake nikimsimulia habari za meli zilizotia nanga, naye maisha yake yote hakuwahi kujali meli. "Alhamdulillahi," alikuwa akinijibu, kwa adabu tu.

Jioni niliyoleta gari alisikia muungurumo wake mlangoni. Sijui ni nini kilichomwinua. Nilimwona tu amesimama kizingitini, leso kichwani, anakunja uso kwa mwanga.

"Ni lako?"

"Ni letu, mama."

Akalizunguka polepole, akapitisha kidole juu ya boneti, akakitazama. "Zuri. Lakini mwanangu, watembeaje na vumbi lote hili? Watu watasemaje?"

Kesho yake baada ya adhana ya alfajiri niliamshwa na mlio ambao sikuwa nimeusikia tangu kufa kwa baba: ndoo ikigonga kuta za kisima chetu cha uani. Nikashuka ngazi bila viatu. Mama alikuwa nje amejifunga leso kiunoni, analiosha gari, ananong'ona nyiradi zake. Nilirudi ndani nikalia, sioni haya kusema. Nilisema moyoni kwamba sijawahi kununua kitu cha maana kama hiki.

Kuanzia hapo alikuwa akiliosha kila alfajiri. Akishaliosha alikuwa na njaa, kwa hiyo alikunywa chai na mahamri. Akishakunywa chai, alikumbuka kuna samaki wa kununua. Akirudi sokoni alikuwa na maneno ya kusema, na wa kuwasema.

Nilipolirudisha gari kwa fundi kuangaliwa, alilala chini yake akakaa muda. Alipotoka alikuwa amenuna.

"Wewe unaosha hii gari na maji gani?"

Wenyeji wa kisiwa chetu hawana haja ya kuulizwa. Mifereji yetu, yaani mabomba ya nyumbani, ilikuwa ikikauka wiki kwa wiki. Maji matamu yalikuja kwa mkokoteni, kwenye madumu, na yalikuwa ya kunywa na kupikia. Mengine yote, kufua, kudeki, kuoga, yalikuwa ya kisimani, na maji ya kisima cha Mji wa Kale ukiyaonja utatema.

"Chumvi," fundi alisema. "Injini sitaki kusikia, injini iko sawa. Hii gari itauliwa na chumvi. Simamisha hiyo maneno leo."

Simamisha. Nilikwenda nyumbani na neno hilo nimelishika kama mtu aliyepewa kaa la moto alibebe kwa viganja.

Kwanza nilinunua madumu ya maji matamu nikayapanga mlangoni, nikamwambia mama haya ni ya gari. Alinitazama kama niliyetukana. "Maji matamu tukamwagie chuma, na watu wana kiu? Ni israfu, mwanangu. Tutaulizwa." Jioni nilikuta dumu moja jikoni, na mengine kwa majirani.

Kisha nikajaribu ujanja. Nilimwambia mama kwamba fundi amesema gari likioshwa sana rangi hupauka, Ijumaa kwa Ijumaa yatosha. "Haya," akasema, bila ubishi, na hilo ndilo lililoniogopesha. Kesho yake alfajiri kisima kilikuwa kimya. Nilipokwenda kumwamkia nilimkuta ameelekea ukutani. Chai haikunywewa. Siku ya pili vilevile. Siku hiyo sikwenda na gari moja kwa moja kazini. Nililipeleka kivukoni, Feri, ilikuwa mvua imenyesha, nikalitia katika kila dimbwi la tope nililoliona kule, huku na huku, watu wakinishangaa. Nikalirudisha nyumbani halijulikani rangi. "Mama," nikasema, "fundi amekosea." Akainuka.

Fundi alipoona simsikilizi alipaka oili chafu nzito chini ya bodi yote, chumvi isipate pa kushika. Mama aliona matone meusi kwenye mawe ya njia. Alitandika jamvi, akajilaza ubavu, na umri wake ule, akaingiza mkono na kumbi la nazi akasugua mpaka oili yote ikatoka. Alijivunia kazi hiyo juma zima.

Nikawa napitia kwa vijana waoshao magari kabla ya kazi, walimwagie maji ya bomba, chini hasa. Baada ya muda niligundua kwamba bomba lao pia lilikuwa limekauka. Nao walikuwa wakiteka kisimani.

Hapo niliacha. Sikuacha kulitunza, la. Oili nilibadilisha kabla ya wakati wake, plagi nilisafisha mwenyewe, mikanda niliikagua kila Jumapili. Nilifanya yote yaliyokuwa mkononi mwangu, na injini ikawa inaimba. Huku nje, rangi ikaanza kufura malengelenge chini ya milango. Ukiyabonyeza yalipasuka, ndani mna unga mwekundu. Mama aliyaona.

"Madoa haya hayatoki," aliniambia kwa wasiwasi. Akanunua sabuni kali zaidi. Akaongeza ndoo.

Nilikuwa nikisimama dirishani juu nikimtazama. Mkono wake ulikuwa umepata nguvu tena, uso umejaa. Alikuwa akizungumza na wapitao, akimwuliza huyu hali ya mkewe, akimtania yule kwa usingizi wake. Kila ndoo aliyoinua ilikuwa ikinipa mama na kuninyang'anya gari, na gari likiisha, nilijua, mama naye atarudi alikotoka. Mara nyingi nilifungua kinywa. Nimwambie nini? Kwamba mikono yake inaharibu? Yeye aliyeiona mikono yake haifai kitu tangu siku ile ilipomfunga baba kidevu, amekwisha kukata roho? Nilifunga dirisha.

Likaendelea hivyo hadi siku fundi alipotia jeki ainue gari, na jeki ikapanda peke yake. Ilitoboa sakafu ikatokea kando ya kiti, gari limekaa palepale. Akaniita nije nione. Tulisimama wote wawili tukiitazama barabara kupitia sakafuni.

"Nichomelee wapi?" akaniuliza, kwa upole ambao sikuuzoea kwake. "Hakuna chuma."

Injini aliinunua yeye. Bodi iliyobaki ilichukuliwa kwa mkokoteni.

Jioni nilimwambia mama gari limekwisha. "Ni uzee tu," nikasema. Alikunja kile kitambaa chake cha kuoshea, akakitundika, akaingia chumbani. Usiku ule nililala nikiomba dua moja, nayo haikuwa ya gari.

Baada ya adhana nikasikia ndoo ikigonga kisima. Nilishuka mbio kwa furaha. Mama alikuwa nje, leso kiunoni, ndoo imejaa miguuni pake. Mbele yake palikuwa na mawe ya njia tu na doa la oili. Alikuwa amekishika kitambaa kwa mikono miwili.

"Sabalkheri, mama."

"Sabalkheri, mwanangu." Hakugeuka. "Nimeteka maji. Haya niambie, sasa nioshe nini?"

Nilitazama huku na huku. Njia ilikuwa tupu. Sikuwa na baiskeli, sikuwa na kitu. Nikarudi ndani, nikachukua viatu vyangu vya kazini, vya ngozi, vipya, nikaviweka mbele yake.

"Vina vumbi," nikasema.

Akaketi barazani, akavipakata, akachovya kitambaa.

Nilikwenda kazini vimelowa. Kufikia adhuhuri vilikuwa vimekauka, na chumvi imechora mstari mweupe kuvizunguka. Karani mwenzangu akaniuliza kama nilipita baharini. Nikamwambia ndiyo. Kesho yake kabla ya alfajiri niliviweka tena mlangoni.