Computer ilipakwa mafuta ikafa, PS ikamrudisha Baba mezani: mnaosema game ni ya watoto, someni hapa

Wakuu, habari za huko mliko.

Leo nimekuja na hasira kidogo, mnivumilie. Nimesoma ule uzi wa jana, wa yule ndugu aliyeuliza anunue computer ama PS, ile mashine ya game ya kuunganisha kwa TV, ya kuweka sitting room, familia ichangamke. Karibu wote mmemjibu kitu moja. Nunua computer. Computer iko na kazi, PS ni ya watoto na watu wasio na shughuli.

Sasa mimi ni mama wa miaka arobaini na kitu, nimeolewa, niko na watoto wawili na agrovet, duka la mbegu na dawa za mifugo, hapa Nunguni. Sina wakati wa kupoteza. Na kwa nyumba yangu kuna PS, na sikuinunulia watoto.

Nitawaambia vile ilienda, yote, hata pale mimi mwenyewe nilikosea. Mkiona mahali nimeongeza chumvi, niiteni mwongo hapa hapa.

Iko hivi.

Baba yangu, Tata vile sisi Wakamba tunaita, alikuwa dereva wa lori. Miaka zaidi ya thelathini alitoa mbuzi na ng'ombe Mwingi akipeleka Nairobi. Hakuwahi kuangusha gari hata siku moja. Hiyo angekuambia mkikutana, kabla hata akuambie jina yake.

Halafu sukari ikamshika. Mwaka juzi wakamkata mguu wa kushoto, chini ya goti. Mama alikuwa amefariki kitambo, kwa hivyo kule Ikutha alibaki na mbwa peke yake. Nikamleta kwangu.

Ikutha ni joto. Nunguni asubuhi ni ukungu na baridi ya kuuma masikio. Nikamwekea kiti karibu na dirisha, blanketi, redio, TV iko hapo mbele yake. Yeye akaangalia ukuta.

Sijui kama mmewahi kuishi na mtu ameamua. Hakuwa mgonjwa wa kulala kitandani. Aliamua tu. Sahani ya muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe, inarudi jikoni vile ilitoka. TV alisema inapiga kelele. Kila siku alikuwa na sentensi moja, nirudishe Ikutha nikafie kwangu. Daktari akaniambia bila kuzunguka, mtu wa sukari akimeza dawa bila kula, huyo hafiki mbali. Niliogopa, wakuu. Nilikuwa naenda dukani asubuhi nikijiuliza kama nitamkuta jioni.

Sasa, nyumba yetu iko juu ya barabara. Malori ya kabichi yanapanda mlima hapo chini mchana kutwa.

Siku moja Tata ameshika sahani na mikono mbili, hajagusa chakula. Lori ikapanda, dereva akabadilisha gear vibaya, injini ikalia. Nikaona sahani inazunguka. Tata alikuwa anaigeuza pole pole, chakula ikiwa ndani, na ule mguu mzima umekanyaga sakafu.

"Huyo amechelewa na gear," akasema.

Basi. Akarudisha macho kwa ukuta. Lakini hiyo ilikuwa sentensi yake ya kwanza wiki hiyo isiyokuwa ya kufa. Nilienda nyuma ya nyumba nikalia, na nikiwa hapo nikilia nikaanza kufikiria zile game za kuendesha gari.

Nikapeleka hiyo maneno kwa WhatsApp group ya familia. Hapo ndipo nilikosea, kwa sababu kwa hiyo group kuna Kioko.

Kioko ni ndugu yangu mkubwa, ako na kazi ya ofisi Nairobi, na hakuna kitu hajui. Akaniuliza kama nimechanganyikiwa. Mzee wa miaka sabini na sita, mtu wa kanisa, acheze game? Watu watasema nini? Akasema tununue computer, mzee aangalie mahubiri na nyimbo za zamani, watoto wafanye homework, mimi niweke hesabu za duka. Ndege kumi kwa jiwe moja. Wengine wote wakaweka vidole gumba.

Na mimi nikakubali. Mnisikie vizuri, sikusukumwa. Nilijua ni nini Tata anataka, nilikuwa nimeiona na macho yangu, na bado nikaona haya. Tukanunua laptop.

Sasa watu wa huku mnajua desturi yetu. Kitu kipya cha maana hakitumiki kabla kiombewe. Gari, ng'ombe wa maziwa, hata tanki ya maji. Kwa hivyo Jumapili baada ya ibada fellowship yetu ikaja nyumbani. Nikapika chai na mandazi, nikaweka laptop kwa meza juu ya kitambaa cheupe, imefunguliwa, inawaka.

Shemasi wetu ni mtu wa bidii. Akaomba, tukaomba, tukapaza sauti. Kufika kwa Amina akatoa chupa ya mafuta ya upako kwa koti.

Najua mnauliza kwa nini sikusema kitu. Nani hapa amewahi kumwambia shemasi ngoja? Shemasi wa kweli hadondoshi tone moja. Alimimina msalaba mzima juu ya keyboard, kutoka juu mpaka chini, halafu kushoto kwenda kulia, na mimi mwenyewe nimefumba macho nasema Amina ya nguvu kuliko wote.

Jumatatu hiyo kitu ilikuwa inaandika herufi moja tu, bila kuguswa. Jumatano ikakataa kuwaka. Fundi wa huku sokoni akaifungua, akanusa, akaniangalia. Akaniuliza, mama, hii ni computer ama ni kikaango?

Akasema keyboard itabidi iagizwe, na ndani kusafishwe kote, nimwachie kama mwezi.

Nikarudi nyumbani. Sahani ya Tata ilikuwa juu ya meza, imejaa, imefunikwa vile niliiacha. Hapo ndipo kitu ndani yangu ikakataa. Nikasema kwa sauti nikiwa peke yangu jikoni, sitaomba mtu ruhusa tena.

Nikatafuta kwa simu. Nikapata mama mmoja Mwingi, Muislamu, ako na duka la simu na vifaa vya umeme. Alikuwa anauza PS ya watoto wake walioenda chuo, pamoja na usukani na pedali zake. Nyumbani nikasema naenda kutafuta dawa za mbuzi. Ni uongo, nakubali, na ni safari ya kutwa kutoka huku.

Yule mama akaniuliza, mtoto ako na miaka mingapi? Nikamwambia sabini na sita. Hakucheka. Akaniuliza mzee anaona vizuri ama tuweke maandishi makubwa. Akanionyesha kila waya mara tatu mpaka nikaweza kuunganisha nimefumba macho. Mungu ambariki huyo mama popote alipo.

Nikafika, nikaunganisha, nikafunga usukani kwa meza ndogo mbele ya Tata. Sikumwambia kitu. Nilijifanya napanguza kabati.

Nikaipanguza mara mbili. Halafu nikasikia anauliza, clutch iko wapi?

Nikamwambia hii haina clutch, Tata, ni automatic. Akakohoa ile kohoa ya dharau. Gari bila clutch ni gari ya nani, akasema. Lakini mikono ilikuwa ishashika usukani, na wakuu, clutch ni mguu wa kushoto. Nilimwona akiangalia pale mguu haupo, halafu akaangalia TV, halafu akakanyaga na ule wa kulia.

Ilikuwa mashindano. Magari mengine yakapaa kama yamefukuzwa na nyuki. Tata akatoka pole pole, akakaa kushoto, akapunguza mwendo kwa kona. Wakampita wote. Wakamzunguka wakampita tena. Mwisho mashine ikaandika kwa herufi kubwa kwamba yeye ndiye wa mwisho. Nikaogopa ataacha.

"Wacha waende," akasema. "Mimi sishindani na mtu. Mimi nafika."

Halafu akaitisha chai. Aliitisha mwenyewe, na mkate.

Kutoka hiyo siku kukawa na sheria. Safari inaanza saa nane mchana, na Tata anavaa kofia yake ya zamani ya kazi. Na dereva hapandi gari na njaa. Hiyo nayo ni sheria yake, sio yangu. Saa saba na nusu anauliza chakula kiko wapi, na akikuta muthokoi haijaiva ananigombeza. Mimi nimegombezwa nikicheka jikoni kama mjinga. Baada ya miezi miwili daktari aliangalia vipimo akaniuliza nimebadilisha dawa gani.

Lakini soko ni soko. Ikasemekana kwa nyumba yangu kumeletwa mashine ya betting, ya kamari. Ati mzee anawekewa bets. Ati computer iliyoombewa nimeitupa, nikaleta ya giza.

Jumamosi moja saa nane na kitu, Shemasi akaja na kina mama wawili wa kwaya. Hapo niwaeleze, mimi ndio nilikuwa kiongozi wa kwaya ya akina mama, miaka tisa. Kioko naye alikuwa ashapigiwa simu, akanitumia voice note ndefu kwamba namwaibisha mzee.

Walikuta Tata barabarani, kofia kichwani, macho kwa TV. Shemasi akamsalimia. Tata hakugeuza kichwa.

"Shemasi, kaa kiti cha nyuma," akamwambia. "Dereva haongeleshwi."

Shemasi akakaa kwa kochi nyuma yake, lakini mimi nilisomewa. Kiongozi wa kwaya ni mfano. Vijana watasema nini? Nikamuuliza, mmekuja kumuombea huyu mzee mara ngapi, na mara ngapi aliwageuzia mgongo? Sikusema kwa ubaya. Walikuwa wamekuja kweli, walijaribu, na mimi nilishukuru. Lakini leo wanamkuta ameketi wima, ameshiba, na ndio wanakasirika?

Mmoja wa wale mama, mwenye roho nzuri, akasema basi tuiombee tu, iwe safi kama vitu vingine, mambo yaishe. Nikasema sawa. Wote wakasimama. Na nikaona mkono wa Shemasi unaingia kwa koti.

Wakuu, nilisimama katikati yake na hiyo meza. Sikupanga. Miguu ilienda yenyewe.

"Maombi ndio," nikamwambia. "Mafuta hapana."

Akaniambia ninakataa upako mbele ya mashahidi. Nikamwambia sikatai upako, ampake Tata kichwani, anipake mimi, apake mlango wote akitaka. Hii hapana. Akasema basi nichague, hiyo kitu ama kwaya.

"Kwaya iko na watu ishirini," nikasema. "Tata ako na mimi."

Walienda bila kunywa chai. Jumapili iliyofuata ilitangazwa kwamba kwaya iko na kiongozi mpya. Nitasema ukweli, iliniuma sana. Nilikaa benchi ya nyuma kabisa, mkoba kwa magoti, nikasikia wimbo niliowafundisha mimi mwenyewe ukianzishwa chini sana. Lakini niliimba. Kanisa ni langu pia, na hakuna mtu atanitoa kwa benchi.

Kioko alikuja Desemba. Alikuwa na hotuba, naijua sura yake akiwa na hotuba. Tata akamwambia kwanza keti hapa uendeshe. Kona ya kwanza Kioko akapindua gari, magurudumu juu. Tata akanyoosha mkono akachukua usukani. Kioko, akamwambia, shuka. Hotuba hatukuisikia.

Laptop ilitengenezwa, kwa hivyo msinitukane, sijasema computer ni mbaya. Watoto wanafanyia homework na hesabu za duka ziko huko. Ninachosema ni hiki. Mtu akiuliza kitu cha kuchangamsha nyumba, msimuulize kiko na kazi gani. Muulizeni huko nyumbani kuna nani, na mikono yake inakumbuka nini. Mimi nilijua jibu tangu siku ya ile sahani, na nikapoteza muda mrefu nikiogopa watu wasiokuja kuosha hiyo sahani.

Wiki jana Tata aliniita. Akaniambia, nipeleke Ikutha.

Nilidhani tumerudi pale pale. Nikamuuliza polepole, Tata, ukafanye nini Ikutha?

Akaniangalia kama mimi ndio nimezeeka.

"Nione kama boma langu la mbuzi bado limesimama," akasema. "Twende Jumamosi, Jumapili turudi. Jumatatu niko na safari."

Haya. Wale wa computer, uwanja ni wenu, nipingeni, nitajibu kila mmoja. Wale mko na mzazi anaangalia ukuta, mniambie ni nini ilimgeuza, ama bado mnatafuta. Lakini ikifika saa nane mchana mtanisubiri kidogo. Huwa naketi kiti cha nyuma, na huko hatuongeleshi dereva.