Leo parashuti imekubali kufunguka

Jamani, leo parashuti ya karoketi kangu imefunguka. Na hiyo ndiyo shida!

Mara tatu ilikataa, roketi ikajikita mchangani kama mwiko kwenye ugali. Leo imefunguka juu kabisa, upepo wa huku kwetu Burat ukaibeba.

Nimekimbia saa nzima. Msicheke.

Nikafika kwa boma ya mama mmoja, nikapata ameshakata kamba zote za parashuti, amezitumia kufunga watoto wa mbuzi.

"Mama, hiyo ni yangu."

"Si wewe uliitupa?"

"Sikuitupa, niliirusha!"

"Haya. Mimi nimeiokota."

Amenirudishia roketi, na kikombe cha maziwa juu. Nikiondoka akaniita:

"Ukirusha ingine, ongeza kamba. Kuna mbuzi wawili wamebaki."